Zamu ya Maji

Eliaringa alipohamia Dodoma aliniachia kompyuta ya chama,
chaja yenye waya uliofungwa plasta ya kidonda,
na onyo moja: "Huu mfumo hauna toleo, Mama Ndesario.
Unatiririka. Usiuache ukakauka."

Nikauacha. Miaka mitatu na miezi miwili.
Ulifungua daftari la kahawa, ulichapa risiti,
mtu atake nini tena?
Kila ulipoomba usasishwe niliujibu
kama tunavyomjibu mdai: kesho.

Leo mzani mpya umepanda kutoka Moshi mjini,
na mzani na kompyuta hawaelewani lugha.
Msimu unafunguliwa Jumatatu.
Nimebaki peke yangu ofisini, hapa Uru,
na bando la usiku, yuniti sita za LUKU,
chupa ya chai ya tangawizi.
Natia amri.

Vifurushi elfu moja mia nne na kumi na tisa.

Nikakumbuka mfongo wa kwetu, juu ya kihamba cha baba mdogo.
Mwaka ule hatukwenda msaragambo.
Maji hayakutugombeza. Yalipita tu, kwa wengine.
Tuliporudi na majembe, mfereji umeota magimbi,
na hakuna aliyekumbuka
zamu yetu ilikuwa siku gani.

Ndivyo. Seva ya kwanza haipo tena duniani.
Ya pili ikaninyamazia.
Ya tatu ikaitika, kisha ikagoma kizingitini:
saini hii siijui. Na hii. Na hii.
Wenyewe walikwisha badili kufuli,
mimi bado nimeshika funguo za zamani.

Nikaleta funguo mpya. Nazo zikakataliwa:
zimetiwa saini, mashine inasema,
katika siku ambayo haijafika.

Nikatazama pembeni ya skrini.
Januari mosi, elfu mbili na kumi na tano.
Kibetri cha saa, kidogo kama kifungo cha shati,
kilikufa bila kuaga,
na umeme ulipokatika jana
mashine ikarudi ilikoanzia.

Siku hiyo Baba Ndesario alikuwa hai.
Alikuwa anapogoa migomba, nadhani, au analala.
Nilikaa kidogo
kabla ya kuisahihisha.

Halafu yakaja maswali. Hiki kimerithiwa na kile, nibadilishe?
Ndiyo. Hivi viwili havikai chumba kimoja, nitoe kipi?
Toa. Ndiyo. Ndiyo.
Sina jani la sale la kuombea radhi mashine,
nina kitufe cha ndiyo tu.

Saa saba usiku nikazima, nikawasha.
Giza. Mstari mmoja mweupe: diski haionekani.
Kahawa ya watu mia mbili na sita imo humo,
wengine wamekufa na bado wanadai malipo ya pili.

Flashi ya Eliaringa ilikuwa kwenye droo
pamoja na pini na muhuri uliokauka wino.
Nikaingia kwa mlango wa uani
katika nyumba ambayo ni yangu,
nikakaa jikoni kwake, nikajenga kiini upya kutoka ndani,
mikono ikitetemeka kwa baridi, nasema ni baridi.

Ikawaka.

Sauti haitoki. Herufi zimekuwa ndogo kama dagaa.
Mafaili mapya ya mipangilio yamekaa kando ya ya zamani
kama wake wenza wasiosalimiana;
hayo nitayapatanisha mchana.
Lakini niliweka mkoba wangu juu ya mzani
na kompyuta ikaandika, bila kuulizwa mara mbili:
kilo mbili, gramu mia tatu na kumi.

Simu ikalia. Eliaringa, naye halali.
"Ulisoma matangazo kwanza, kabla ya kusasisha?"

Sikusoma.

Nikafungua daftari la zamu ya maji,
chini ya majina ya ukoo, kwa kalamu nyekundu:
Jumamosi, asubuhi, kompyuta.
Yuniti zimebaki moja na nusu.